Mdakaji wa Al Mansoura

Al Mansoura, Doha
3 Novemba 2006

Kaka Cyrus,

Najua utauliza kwa nini sijapiga simu. Simu ni ya dakika tatu, na nyuma yangu kuna watu saba wameshika kadi zao. Nitakwambia nini zaidi ya kuuliza kama mko salama? Habari hii inataka mtu akae, kwa hivyo nimekaa.

Nimebadilishiwa kazi. Yule bibi niliyekuwa nikimtunza Al Thumama alihamia kwa bintiye, na ajenti akanileta hapa Al Mansoura kumtunza mzee wa Kimeksiko. Anaitwa Anselmo Zatarain, ana miaka sitini na tisa. Mkewe alifariki mwaka juzi. Mwanawe Rodrigo ni mhandisi kule Lusail, wanakojenga mji mpya juu ya mchanga mtupu, naye alimtoa kwao ili asiishi peke yake. Sasa anaishi peke yake na mimi, maana Rodrigo huondoka alfajiri na kurudi Mzee ameshalala.

Magoti yake nikimsimamisha hulia kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini ni mikono iliyonishtua. Vidole vimekwenda kila kimoja njia yake, kama tangawizi. Wiki jana nikimpaka mafuta nilimuuliza kama ni baridi yabisi. Akacheka, akaanza kunionyesha kimoja kimoja: "Hiki ni Mazatlán. Hiki ni Monterrey. Hiki pia ni Monterrey, mwaka mwingine." Kila kidole na mji kilikovunjikia.

Cyrus, mzee huyu alikuwa mdakaji wa besiboli. Yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na wavu wa chuma usoni. Alichuchumaa miaka kumi na minane, halafu akawa meneja, ndivyo wao wanavyomwita kocha mkuu. Nikamwambia kaka yangu anafundisha softiboli shule ya wasichana huko Kimilili. Akanishika mkono. "Kenya wanacheza?" Nikamwambia wanacheza. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza kama barua yako imefika, na mimi hata yangu sikuwa nimeiandika.

Mwandikie. Kiingereza chake ni cha kuokota kwenye mabasi ya Texas, lakini tunaelewana. Mwandikie Kiswahili, mimi nitakaa katikati.

Msalimie Winfred, na Mama.

Dadako,
Nasimiyu


Kimilili
28 Novemba 2006

Mpendwa dada,

Barua yako niliisoma mbele ya wasichana wangu baada ya mazoezi. Nilipofika kwenye vidole, wote walitazama mikono yao.

Mwambie Mzee hivi. Tuna glavu tisa, mbili zimeshonwa na fundi wa viatu wa sokoni. Uwanja wetu una mteremko upande wa kulia, kwa hivyo timu ngeni hutulalamikia sana. Mrushaji wangu ni Charity, wa kidato cha tatu, ana miaka kumi na saba. Hurusha mpira kwa mkono wa chini, kama sheria ya softiboli inavyotaka, na mpira wake husikika kabla hujauona. Sijapata kufundisha mtu kama yeye, na miaka kumi na miwili nimefundisha. Shida yangu ni mdakaji, Hannah. Ni hodari, ila gongo likipita mbele yake hufunga macho.

Muulize Mzee nifanye nini na macho ya Hannah. Tena muulize mdakaji hugeukaje meneja. Mimi sikuwahi kucheza. Nilipewa timu kwa sababu nilikuwa mwalimu mgeni na wengine wote walikataa. Hilo usimsomee.

Nduguyo,
Cyrus


Al Mansoura, Doha
19 Desemba 2006

(Maneno yote ni yake. Alinisimamia mpaka nikayaandika. Na lile ulilosema nisisome nililisoma, samahani. Alifurahi sana. — N.)

Mwalimu Cyrus,

Timu haipewi anayeitaka. Mimi nilikuwa mdakaji kwa sababu timu ya bandarini kwetu ilikuwa na wavu wa uso mmoja na kila mtu aliuogopa. Nami nilifunga macho kama Hannah. Mama yangu alinivalisha ule wavu jikoni, akawa ananirushia punje za mahindi huku anapika, mpaka uso ukasahau kuogopa. Mpe Hannah wavu aende nao bwenini. Ale nao, afue nao nguo.

Baba yangu alipakia kamba wa baharini. Mimi niliondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na minane. Nilipofika ishirini na minne, Wamarekani waliniita kwenye timu kubwa. Nilikaa siku kumi na moja. Niliwadakia warushaji wao wakipasha misuli nyuma ya ukuta, sikuingia uwanjani hata mara moja, na siku ya kumi na mbili nikapewa tikiti ya basi. Niliporudi, mama hakuniuliza kitu. Alipika.

Mwaka uliofuata, 1962, akaja Fidencio. Alikuwa mtoto wa mchimba chumvi, mwembamba, na mkono wa kulia ambao Mungu huutoa mara moja kwa kila mkoa. Alirusha, nikadaka, miaka kumi na moja. Hatukuzungumza uwanjani, hakukuwa na haja. Nilimsimamia binti yake ubatizo, na kwetu mtu akikusimamia mtoto mnakuwa ndugu kupita ndugu, mnaitana compadre. Tulilala kwenye mabasi, kichwa chake begani kwangu, mimi upande wa dirisha.

Magoti yalipokataa wakanifanya meneja. Mdakaji ndiye mchezaji pekee anayeutazama uwanja wote usoni, ndiyo maana. Nilikuwa meneja miaka kumi na sita, timu tano, nikafukuzwa mara sita. Timu moja ilinifukuza mara mbili.

Mwaka 1979 tulifika fainali. Awamu ya tisa, ya mwisho. Tunaongoza kwa pointi moja, wao wana wakimbiaji wawili kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia. Fidencio alikuwa na miaka thelathini na minane, na alikuwa amerusha tangu mwanzo. Nikaenda kwake katikati ya uwanja. Akasema, "Compadre, mkono umekufa ganzi." Nikamwambia, "Watu watatu tu." Akawatoa wapigaji wote watatu. Mji ulicheza ngoma siku tatu.

Kwa hivyo mrushaji akikwambia amechoka, usimwamini upesi. Mkono husema uongo. Tazama macho.

Wiki mbili zilizopita Rodrigo alinipeleka Al Rayyan kuona besiboli ya Michezo ya Asia. Nilikaa nyuma ya mdakaji wa Kijapani. Anachuchumaa vizuri. Nilisahau magoti yangu mpaka wakati wa kusimama.

Anselmo Zatarain


Kimilili
9 Februari 2007

Mheshimiwa Mzee Anselmo, na wewe dada,

Hannah anakula ugali na wavu usoni. Mwanzoni bweni zima lilimcheka, sasa wamezoea. Macho yako wazi, Mzee. Hajakosa mpira wiki mbili.

Tumeshinda wilaya. Fainali ya mkoa ni Jumamosi tarehe 17 Machi, Kakamega, na shule yetu haijawahi kufika huko kwa mchezo wowote isipokuwa kwaya. Mwalimu mkuu, ambaye hakujua hata mpira wetu ni wa rangi gani, sasa huja kutazama mazoezi na kiti chake.

Charity amekuwa akilalamikia bega kidogo. Nimemsimulia habari za Fidencio. Naona imemkaa moyoni kweli, kwa sababu sasa likimuuma huwa anauma mdomo, anasema "watu watatu tu," kisha anarusha. Wenzake nao wameanza kusema hivyo hata wakiteka maji. Mzee, timu yako ya sita iko Kimilili.

Wenu,
Cyrus


Al Mansoura, Doha
12 Machi 2007

Cyrus,

Barua yako ilifika Alhamisi. Simu yako haipatikani tangu siku hiyo, na Mama ananiambia mmeshakwenda kambini Kakamega. Kwa hivyo barua hii anaibeba Damaris, rafiki yangu wa mtaa huu. Anaruka Ijumaa kwenda likizo na kwao ni Lurambi, karibu na uwanja wenu. Ameniapia kwamba ataitia mkononi mwako kabla hajaenda kumwona hata mamake. Isome hapo hapo uliposimama.

Nilimsomea Mzee barua yako akiwa mezani. Kwa habari ya Hannah na ugali alicheka mpaka akakohoa. Nilipofika kwa Charity aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Msichana huyo ana miaka mingapi?" Nikamkumbusha kumi na saba. Akasukuma sahani.

Siku mbili hakusema neno ila kwa Kihispania, na si kwangu. Jana nikimfunga viatu alianza kusema, na sikuinua kichwa mpaka alipomaliza.

Kaka, ngoma ya siku tatu ilichezwa kweli. Lakini mtu wa tatu alipotoka, Fidencio alishindwa kuinua mkono avue kofia. Kombe waliliweka kwenye mkono wa kushoto. Baada ya mwezi hakuweza kuchana nywele. Hakurusha tena mpira maishani mwake. Alipata kazi kiwanda cha barafu, akivuta mabonge kwa mkono mmoja. Na Mzee alipewa mkataba mpya wa miaka mitatu. Nikamuuliza, "Ulipokwenda kwake alikwambia nini?" Akasema hakwenda. Nyumba ya Fidencio iko mitaa sita kutoka kwake na hakwenda. Alikuwa akizunguka njia nyingine kwenda sokoni.

Ameisimulia hadithi ile miaka ishirini na minane, na kila mara huikatia kwenye ngoma. Rodrigo mwenyewe haijui iliyobaki.

Aliniambia niandike hivi: "Mwambie mwalimu nilimdanganya. Nilisema mkono husema uongo, macho husema kweli. Macho ya Fidencio yaliniambia mkono umekwisha. Niliyaona, nikageuka nikarudi kukaa."

Mtoe Charity, Cyrus. Hata kama mnaongoza, mtoe.

Nasimiyu


Kimilili
2 Aprili 2007

Wifi Nasimiyu,

Naandika mimi kwa sababu kakako hataki kuandika, na akikuandikia atakwambia yuko salama.

Yule rafiki yako Damaris alifika uwanjani na sanduku lake, wakiwa awamu ya nne. Wasichana walikuwa wanaongoza tatu kwa moja. Alimpa Cyrus bahasha na Cyrus akasoma amesimama, watu wote wakimtazama. Halafu akamwita Charity akamtoa. Charity alilia pale pale. Akaingia msichana mwingine asiyeweza kurusha, nao wakashindwa tano kwa nne.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alimnyang'anya timu. Alimwambia mbele ya walimu wenzake kwamba mtu anayeamuliwa mchezo na barua kutoka Uarabuni hafai hata kufundisha kuruka kamba. Sokoni wananiuliza kama tumeanza kuchukua uganga wa posta.

Sijui uliandika nini. Nimemuuliza, hataki kunionyesha. Anaiweka kwenye mfuko wa shati na jioni anakaa nje peke yake. Mimi sikulaumu, wifi, lakini kama ulikuwa unampa ushauri wa mchezo, ungengoja siku moja tu.

Winfred


Kimilili
20 Mei 2007

Dada Nasimiyu,

Winfred ameniambia alichokuandikia. Nimemsomea barua yako hatimaye, na amenituma nikuombe radhi. Mimi ndiye mwenye kosa la kunyamaza, na si hilo tu.

Niliwaandikia kwamba Charity alilalamikia bega kidogo. Haikuwa kidogo. Aliniambia tangu Januari, kabla hata barua ya Mzee haijafika. Alikuwa hawezi kuinua mtungi wa maji, wenzake walimbebea. Nilimkataza asiende kwa nesi wa shule, maana nesi angemzuia asicheze. Hadithi ya Fidencio ilipokuja niliipokea kwa furaha kwa sababu iliniambia nilichotaka kuambiwa. Mwambie Mzee asijitwike mzigo wangu. Mimi nilikuwa nimeshageuka kabla ya hadithi yake.

Nilimpeleka Charity hospitali Aprili. Daktari alisema misuli ya bega imeanza kuchanika, apumzike mwaka mzima, na hakuahidi kwamba atarusha tena. Angemaliza ile mechi, alisema, pengine angepasuliwa. Charity hajui kwa nini nilimtoa. Anadhani nilikosa imani naye, tukikutana hunipita kama anayepita sanamu. Nami sijamweleza, kwa sababu nikimweleza itabidi nianzie Januari.

Muulize Mzee swali moja. Fidencio yu hai?

Cyrus


Al Mansoura, Doha
14 Januari 2008

Kaka,

Swali lako nilimsomea Juni. Hakujibu. Agosti alimwambia Rodrigo anataka kwenda nyumbani, na Septemba wakaondoka. Nilidhani ni likizo. Nilimkunjia nguo za wiki tatu.

Hakurudi. Rodrigo amerudi peke yake na barua hii ya Mzee, nami nimekuandikia kwa Kiswahili vile nilivyoweza. Mimi nimepata kazi kwenye kliniki ya meno, huku huku Mansoura. Usiwe na wasiwasi.

"Nasimiyu, na Mwalimu,

Yu hai. Nilikwenda siku ya tatu baada ya kufika. Mitaa sita nilitembea kwa muda wa saa moja, Rodrigo akinishika. Alifungua mlango mwenyewe. Amenenepa. Mkono wa kulia anauweka mfukoni.

Nilikuwa nimetayarisha maneno kwenye ndege. Nilisema, 'Compadre, nisamehe mkono.' Akasema, 'Mkono nilikusamehe mwaka ule ule. Ningetolewa uwanjani siku ile ningekuchukia zaidi. Lakini binti yangu uliyemsimamia ubatizo aliolewa, kiti chako kikabaki kitupu. Mke wangu alikufa, nikatazama mlango siku tisa za matanga. Hilo sijui kama nitalisamehe.'

Nilikuwa nimebeba pole ya kosa moja, kumbe kosa lilikuwa lingine.

Nikageuka niondoke. Akasema, 'Umekuja na magoti hayo halafu unaondoka? Kaa.' Tukakaa. Hatukusema mengi, hata zamani hatukusema. Redio ilikuwa na mechi ya vijana, mrushaji wao anatupa ovyo, na Fidencio akawa anamtukana kwa upole, nami namtetea mdakaji. Nilipoaga alisema, 'Alhamisi niko nyumbani.'

Nimemwambia Rodrigo sirudi Doha. Kuna Alhamisi.

Mwalimu, mimi si mtu wa kumpa mwingine ushauri wa mchezo. Nakueleza tu urefu wa njia. Ni mitaa sita, nami nilitumia miaka ishirini na minane."

Nakala yake halisi nimeihifadhi. Rodrigo amehama, na kwenye nyumba ya Mzee sasa kuna familia ya Kifilipino, na nikipita chini yake huwa nainua macho dirishani alikokaa akingoja posta.

Nasimiyu


Doha
6 Juni 2011

Kaka Cyrus,

Rodrigo alikuja kliniki jana, nikadhani ni jino. Mzee Anselmo alifariki mwezi uliopita, usingizini, akiwa na miaka sabini na minne.

Timu tatu alizofundisha zilipeleka maua. Wachezaji wa zamani walikuwa wengi kupita nafasi za kubeba jeneza, wakabishana. Fidencio alisimama tu mbele akangoja, na wakampisha. Alibeba kwa bega la kushoto, kutoka kanisani mpaka makaburini, na akakataa kupokelewa. Rodrigo anasema alimsikia akinong'ona kitu njia nzima, lakini kwa kilio cha watu hakushika neno.

Nimelia kama nimefiwa na wetu. Niliona nikuandikie, nisikupigie.

Nasimiyu


Kimilili
3 Julai 2011

Dada yangu,

Pole, nami pia nimefiwa. Nilitembea na barua yako siku mbili. Siku ya tatu, Jumamosi, nilimwomba Winfred anisindikize, tukaenda Chwele.

Charity ameolewa huko, ana duka la vitambaa na mtoto mmoja. Aliponiona mlangoni alisimama ghafla. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Mwalimu, jezi iko ndani. Nilijua siku moja mtaifuata."

Kumbe alipomaliza shule aliondoka na jezi namba moja, na miaka yote hii alipokuwa ananikwepa alidhani namtafuta kwa sababu hiyo.

Nikamwambia sikuja kwa jezi. Nilianzia Januari, kama ilivyonipasa. Nikamweleza kuhusu nesi, mtungi wa maji, barua ya Damaris, na daktari alichonieleza nikiwa peke yangu. Alisikiliza huku akipima kitambaa kile kile mara tatu. Nilipomaliza alikiweka kitambaa chini. Winfred akaanza kumbembeleza mtoto bila mtoto kulia.

Halafu Charity akasema, "Mimi nilijua linauma, Mwalimu. Nilichotaka kujua ni kama wewe ulijua."

Nikasema nilijua.

Hakusema amenisamehe, wala sikuuliza. Aliingia ndani, nikasikia akifungua sanduku. Alirudi na ile jezi imepigwa pasi, akaikunjua juu ya meza, akaitazama, akaikunja tena na kuirudisha ndani. Kisha akatuletea chai, na kumwambia Winfred kwamba shati langu limechakaa, aje nami wiki ijayo anichagulie kitambaa.

Tumeahidi kwenda Jumamosi.

Kakako,
Cyrus